Ntumba Tatu za Kakese

"Gari la Sumbawanga linaondoka saa nane kamili," alisema Inspekta Danford, macho yakiwa bado kwenye faili. "Mahabusu wako atakuwa ndani yake. Saa nane, Sajini. Siyo saa nane na robo."

Sajini Nyamizi aliitazama saa ya ukutani. Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Saa ile ilikuwa nyuma kwa dakika saba tangu alipohamishiwa Mpanda, na hakuna aliyepata wazo la kuirekebisha, kwa hiyo hata hizo dakika kumi hakuzihesabu kuwa zake.

"Afande, nimelipokea faili hili jana jioni."

"Na limekamilika. Unataka nini tena?"

Kweli lilikuwa limekamilika, na hilo ndilo lililomkera. Celestin, mkulima wa Kakese, alikutwa Ijumaa asubuhi kando ya kijito, amekatwa panga kichwani, koti lake halipo. Jumapili jirani yake, Mzee Silvesta, akaja kituoni kwa baiskeli. Akaripoti kwamba kwenye eneo lake, analolilima mkimbizi mmoja wa Kirundi, ameona udongo umefukuliwa. Jumatatu Konstebo Ngolo akaenda kuchimba. Akatoa koti la marehemu na panga lenye damu iliyokauka. Panga ni la huyo Mrundi, Pontien. Kurasa nne tu, na mwisho wake kitanzi. Nyamizi alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye upelelezi, na hakuwahi kuona muuaji mwenye adabu kiasi cha kuzika ushahidi wote mahali pamoja, tena shambani kwake.

"Nipe mpaka saa nane," alisema.

"Unayo. Mimi sikupi, saa ndiyo inakupa."

Pontien alikuwa kwenye benchi la chumba cha mahojiano, mikono ameibana katikati ya magoti. Alikuwa na miaka thelathini na tano. Mwaka sabini na mbili, akiwa na miaka kumi na mmoja, alivuka mpaka akikimbia vita huku amembeba mdogo wake mgongoni. Tangu hapo alikuwa mtu wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, na kila anapotoka nje ya makazi alitakiwa awe na karatasi mfukoni. Ngolo alikaa mlangoni na daftari.

"Alhamisi ulikuwa wapi?" Nyamizi aliuliza.

"Nyumbani, afande. Kutwa nzima."

"Kuna mama wa mtaa wa Makanyagio, mjini, kakuona saa tisa mchana, una sepetu begani."

"Atakuwa kanifananisha."

"Kaona mpaka kiraka cha shati lako. Ni hicho hapo."

Pontien alikifunika kiraka chake kwa kiganja. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo.

"Umeniongopea swali la kwanza kabisa," Nyamizi alisema. "Kesi ya mauaji, swali la kwanza, uongo. Mimi nikamwambie nini Inspekta?"

"Afande, nikisema nilikuwa Makanyagio utaniuliza kibali. Kibali changu kiliisha mwezi wa kwanza. Nilikuwa nachimba choo kwa mtu. Nikimtaja ataingia kwenye matatizo, na kesho hatanipa kazi tena."

"Kesho? Pontien, unaongelea kesho ipi? Leo saa nane unapelekwa Sumbawanga kwa kesi ya kunyongwa."

Mtu yule alifumba macho. Nyamizi alimuonea huruma, akaimeza huruma yake haraka, maana choo cha Makanyagio hakikumsafisha. Celestin alikufa kati ya Alhamisi jioni na Ijumaa alfajiri. Mchimba choo angeweza kabisa kumaliza kazi, akarudi Kakese na kuua.

"Panga ni lako?"

"Langu. Lilipotea kwenye kibanda cha shambani, wiki ya juzi."

"Hukuripoti."

"Niripoti wapi, afande? Hapa?"

Ngolo alikohoa kuficha kicheko. Nyamizi hakucheka.

"Celestin alikuwa nani kwako?"

"Ndiye shahidi wangu. Mzee Silvesta aliponigawia lile eneo, miaka minane sasa, lilikuwa nyasi tupu. Hatukuandikiana. Mkimbizi ataandikiwa nini? Celestin alikuwepo, akasikia, basi. Nimuue yeye, mimi nabaki na nani?" Kisha akauliza kwa wasiwasi, kama vile hilo ndilo lililokuwa likimsumbua tangu jana, "Matuta yangu mmeyaharibu? Maharage yalikuwa yanatoa maua."

"Hatujagusa maharage yako," Ngolo alimjibu. "Tumechimba kule juu kwenye nyasi, kwenye kile kilima kimoja cha udongo."

"Kilima gani?" Pontien aliinua kichwa. "Shambani kwangu hakuna kilima."

Nyamizi alimgeukia Ngolo. "Vilikuwa vingapi?"

"Vitatu, afande. Mzee Silvesta alituonyesha cha katikati. Vile viwili hatukuviona vina maana."

"Washa pikipiki."

Walipita katikati ya mji. Mpanda ulizaliwa na mgodi. Mwingereza alipoanza kuchimba madini ya risasi, reli ikavutwa kutoka Kaliua, na kwa reli ile wakashuka watu wa kila namna: Wahindi na maduka yao, Waarabu na mikate yao, makarani wa Unyasa waliojua hesabu, Wafipa wa kushuka shimoni, Wanyamwezi wa kubeba, na Wabende na Wakonongo wakajikuta wageni kwenye nchi yao. Mgodi ulikufa, watu wakabaki. Jioni wote walikutana sokoni na kutaniana kwa Kiswahili kimoja, ukadhani ni ndugu. Lakini kila mmoja alijua nyumba yake iko umbali gani kutoka kwenye bomba la maji, na Mrundi aliyekuja mwisho alijua kwamba hana bomba kabisa. Nyamizi mwenyewe Mnyamwezi wa Urambo, na alipofika hapa mara ya kwanza mwenye nyumba alimuuliza kabila kabla ya kumuuliza jina.

Kakese walifika saa nne. Mke wa Pontien, Séverine, aliwapokea kando ya njia, mtoto mgongoni, mwingine kashika kanga. Hakulia. Alisimama tu kama mtu anayesubiri kuambiwa afungashe.

"Mama Odeta," Nyamizi alimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "nionyeshe shamba. Sitaki maelezo ya mauaji. Nionyeshe mnavyolima."

Séverine alimshangaa, akatangulia. Lilikuwa shamba zuri, zuri mno kwa mtu asiye na ardhi. Matuta marefu yalikata mteremko kwa upana, moja chini ya jingine, ili maji ya mvua yasiondoke na udongo. Maharage yalikuwa juu ya matuta na mihogo pembeni, na chini kabisa kulikuwa na migomba iliyofunikwa nyasi kavu mpaka magotini.

"Nyasi hizi mnazitoa wapi?"

"Kila tunapolima. Baba Odeta anang'oa, anakung'uta mizizi, tunapeleka kwenye migomba. Mtoto akiacha nyasi kwenye tuta anagombezwa. Anasema ukifukia nyasi hapo, zitakuotea usoni."

"Siku zote?"

"Hata mama yake alifanya hivyo. Kule kwetu ndivyo wanavyolima."

Juu kabisa ya shamba, mahali ambapo jembe la Pontien lilikuwa halijafika, kulikuwa na shimo la Ngolo. Kushoto na kulia kwake palibaki vilima viwili vya mviringo, vya kimo cha goti.

"Na hivi?"

"Siyo vyetu. Nilivikuta Jumamosi, hata Baba Odeta sikumwambia. Nilidhani mwenye eneo kaanza kulima." Séverine aliinamisha kichwa. "Ningemuuliza nini, dada? Ardhi ni yake."

Nyamizi alipiga magoti. Akaazima kisu cha Ngolo, akakipasua kilima cha kushoto taratibu, kama anayekata ugali bila kutaka uvunjike. Ndani, chini ya udongo, kulikuwa na nyasi. Hazikutupwa ovyo. Kila bonge la udongo lilikuwa limegeuzwa, majani yakalazwa kuelekea katikati, mizizi ikabaki nje, duara juu ya duara, mpaka juu. Nyasi zilikuwa zimeanza kuwa njano lakini zilikuwa bado hazijaoza. Alizipa siku nne au tano.

Alikuwa amefanya kazi Sumbawanga miaka mitatu, na kila masika alipita mabonde yaliyojaa vilima kama hivi. Wafipa wanaviita ntumba. Nyasi zinaoza ndani na kuwa mbolea, mwaka unaofuata wanazitawanya na kupanda. Ni kazi ya ustadi, na mtoto anajifunza kabla hajaota meno ya pili.

"Aliyezika koti alikuwa na haraka," alimwambia Ngolo kwa sauti ya chini. "Akaona kilima kimoja kitafanana na kaburi, akatengeneza vitatu ili lionekane shamba, wenyewe wasije wakafukua kabla yetu. Mkono ukafanya unachokijua."

Ngolo alikuna kidevu. "Mfipa, basi. Lakini afande, nusu ya wazee wa Kakese ni Wafipa waliokuja na mgodi. Na Mzee Silvesta eneo ni lake, atasema kalima kwake, kuna kosa gani? Inspekta atatucheka."

"Atatucheka sana. Ndiyo maana sitafuti Mfipa."

"Unatafuta nani?"

Nyamizi alikirudisha kilima kama kilivyokuwa, bonge juu ya bonge, akapangusa mikono. Kisha akamtuma kwa mwenyekiti wa kijiji: wanaume wote wanaolima bonde hili waje saa sita, kila mmoja na jembe lake.

Walikuja wanane. Nyuma yao wakaja na wasiotakiwa, maana Kakese haina mambo mengi: akina mama na ndoo, wazee wawili na mikongojo, na Getrude muuza vitumbua, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupata likizo. Séverine alisimama mbali nao. Mzee Silvesta alifika wa mwisho, mtu wa miaka sitini, mrefu, mwenye shati la pasi. Alimpa Nyamizi mkono kwa heshima zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi. Huyo mtu bado hajaenda Sumbawanga?"

"Saa nane anaondoka. Nakamilisha karatasi tu." Nyamizi akapaza sauti. "Jamani, samahani kwa usumbufu. Shimo lile lina alama za jembe. Nataka kupima upana wa majembe yenu. Kila mtu alime hatua tatu hapa kwenye nyasi, kama anavyolima kwake, halafu Konstebo apime. Nyie limeni tu, msiwe na wasiwasi."

Ngolo alitoa rula yake ya mbao kwa uso mzito. Wanaume wakacheka, wakajipanga, wakatema mate viganjani. Majembe yakaanza.

Nyamizi alipita nyuma yao polepole. Msukuma wa mwanzo alivuruga ardhi tambarare, mbio mbio, kama anayelimia ng'ombe. Mkonongo aliyemfuata aliinua matuta mafupi. Wafipa watatu waliinama na bila kufikiri wakaanza kugeuza mabonge ya nyasi kwa ndani, kwa duara. Hakuna aliyemtazama yeye. Wote walikuwa wanaitazama rula ya Ngolo, kila mmoja akiombea jembe lake lisiwe na upana wa balaa.

Silvesta alikuwa mwisho wa mstari. Alianza kama Wafipa wenzake. Alikata bonge la kwanza, akaligeuza kwa ndani. La pili akaligeuza. Hapo macho yake yakaenda kwenye vilima viwili vilivyokuwa hatua kumi mbele yake, yakakaa huko. Jembe likasimama hewani. Alipolishusha tena alilitawanya bonge la kwanza kwa mguu, akang'oa nyasi kwa mkono, akazikung'uta, akazirusha pembeni. Akaanza kuinua tuta refu lililonyooka, la kukata mteremko.

Alihangaika. Tuta lilipinda. Shati la pasi likalowa mgongoni.

"Yesu wangu!" Getrude alipaza sauti. "Mzee Silvesta, leo umeoa Burundi?"

Watu waliangua kicheko. Mfipa mmoja kati ya wale watatu alisimama, akalitazama tuta lile, akajipiga paja. "Shemeji, unatuaibisha! Mwaka wa arobaini huu tunalima wote, ntumba zako ndizo zinasifiwa bonde zima. Hiyo nini?"

Silvesta hakucheka. Kicheko kiliendelea kidogo bila yeye, kikapungua, kikaisha. Nyamizi alikuwa amesimama mbele yake.

"Shamba lako ni lile la chini, mzee?"

"Ndilo."

"Nimelipita asubuhi. Sikuona tuta refu hata moja."

"Watu wanabadilika, mwanangu. Tunajifunza."

"Leo saa sita na nusu?" Nyamizi alisogea hatua moja. "Nimesema napima majembe. Watu wote wamelima walivyofundishwa na baba zao, maana hawakuwa na sababu ya kufanya vingine. Wewe peke yako umebadilisha mkono katikati ya kazi. Nani alikuambia naangalia umbo?"

Mtoto wa Séverine alianza kulia, akanyamazishwa.

"Sijui unachosema," alisema Silvesta. Aliusimamisha mpini wa jembe, akauegemea, na sauti yake ikatoka imetulia. Hakuwa anaongea na Nyamizi sasa, alikuwa anaongea na Kakese. "Nyie ndugu zangu mnanijua. Mtu anafungwa kwa kulima? Huyu ni askari wa kuhamishwa, mwakani yuko Songea. Yule ni Mrundi, amepewa hifadhi, siku moja atarudi kwao. Tutakaobaki hapa ni sisi. Kwa ajili ya nani tunashikana mashati?"

Nyamizi aliona vichwa viwili vikitikisika kukubali, kisha cha tatu. Alikuwa na mtu aliyeinua tuta lililopinda, na kitu hicho hakiwezi kufungiwa kwenye bahasha na kupelekwa mahakamani. Saa yake ilisema saa saba kasoro dakika tano. Pikipiki mpaka mjini ni nusu saa.

"Celestin alikuwa rafiki yangu," Silvesta aliendelea, akipata nguvu. "Nimuulie nini?"

"Alikuwa shahidi wa Pontien juu ya shamba hili, na wewe unalitaka lirudi kwako. Asingekubali kugeuza maneno. Panga moja lingekuondolea wote wawili."

"Maneno gani? Nilimwazima Mrundi eneo kwa msimu mmoja, kwa huruma. Kama kulikuwa na mengine, alikuwa nayo Celestin, na Celestin hayupo. Lete wa kusema vingine."

"Nipo."

Sauti haikuwa kubwa. Akina mama wenye ndoo walipishana, na katikati yao akatoka mwanamke aliyejifunga kitambaa cheusi kichwani, miguu peku. Alikuwa Dafrosa, mjane wa Celestin. Alikuwa bado kwenye matanga na hakutakiwa kuwa pale. Mwanamke mmoja alimshika mkono, akajinasua.

"Shemeji Silvesta," alisema, "siku ile unamgawia Pontien, pombe ya wanzuki mlikunywa ya nani?"

Silvesta aliuhamishia mpini mkono wa pili.

"Niliipika mimi. Nilisimama nyuma yenu na kibuyu. Ulisema hivi: lima mpaka utakapochoka mwenyewe, na wanao wakitaka, walime. Celestin akasema, nimesikia. Na mimi nilisikia." Alikaza kitambaa kichwani. "Alhamisi jioni ulikuja nyumbani. Ukamwambia aseme ulikuwa msimu mmoja. Akakataa. Ukamwambia twende tukaongelee njiani, mkatoka pamoja kuelekea kijitoni. Nilimkimbilia na koti, mvua ilikuwa inakuja. Nilimvalisha mwenyewe. Halafu nikaambiwa koti limekutwa kwa Mrundi, nikajua mliachana salama, akakutana na Mrundi mbele. Nimekaa ndani tangu jana ninamlaani mtu wa watu."

"Kwa nini hukusema, mama?" Ngolo aliuliza.

"Aliniuliza nani? Mlikuja nyumbani mkakaa na shemeji zangu uwanjani. Mimi nilikuwa ndani. Niliwasikia wakisema mjane hajui kitu."

Nyamizi aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Sentensi hiyo alikuwa ameisoma jana kwenye ukurasa wa pili wa faili. Mjane hajui kitu. Aliisoma, akafungua ukurasa wa tatu. Yeye, mwanamke, aliyegombana na kituo kizima ili apewe kesi za mauaji.

"Ngolo," alisema. "Pingu, halafu pikipiki. Mwambie Inspekta kiti cha Pontien kwenye gari kimepata mwenyewe. Akibisha, mwambie nakuja na shahidi. Kimbia."

Séverine alikuwa amekaa chini. Sasa ndipo alipolia, uso ameuficha kwenye kanga, akirudia kwa Kirundi maneno ambayo Nyamizi hakuyajua. Getrude, kwa mara ya kwanza siku hiyo bila neno, alikwenda akamchukua mtoto.

Pingu zilifunga. Silvesta hakupigana. Alikuwa anamtazama Dafrosa kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyekagua mlango na madirisha yote kisha akakuta ukuta mzima haupo.

"Lakini wewe," alimwambia, "wewe siku ile ulikuwa unamimina pombe tu."

"Nilikuwa namimina," alisema Dafrosa. "Masikio nilikuwa nayo."